Mnazi Umenyauka? Weka Shoka Chini Kwanza

Leo naongelea minazi ya uani, maana huku pwani hali ya hewa imeitesa kweli. Vuli ya 2022 ilikuwa haba, kisha zikaja mvua za El Niño za 2023 na 2024, na Mei 2024 kimbunga Hidaya. Mnazi ukigeuka njano tu, mtu anaita wa shoka. Jamani, tusiende hivyo!

Mimi naanza kwa kutazama juu. Mnazi una kichipukizi kimoja tu, pale katikati ya kilele. Kikifa, basi tena, hauchipui kama mwembe. Kwa hiyo kama kuti changa la katikati limesimama na ni kijani, mti bado una nafasi nzuri.

Halafu linganisha dalili:

1. UKAME. Makuti ya chini yananing'inia na kukauka, vidaka vinapukutika. Usishangae ukiyaona haya wakati mvua imesharudi. Kidaka huchukua kama mwaka mzima kuwa nazi, na karara huanza kuumbika ndani ya mti mapema zaidi. Jua la mwaka jana unalilipa leo. Mwagilia, weka samadi na matandazo. Kuti lenye ukijani usilikate, mti bado unavuta chakula humo.

2. MAJI KUTUAMA. Mti mzima unapauka na kudumaa kwa sababu mizizi inakosa hewa. Chimba mfereji maji yatoke, mbolea baadaye.

3. CHONGA. Huyu ni yule mdudu mweusi mwenye pembe. Makuti yanafunguka yakiwa na mapengo kama yamekatwa kwa mkasi, na penye shina la kuti kuna tundu lenye nyuzi zilizotafunwa. Anazaliana kwenye magogo yanayooza na lundo la samadi. Minazi iliyoangushwa na upepo usiiache ioze uani, ndiyo wodi yake ya wazazi!

4. UGONJWA WENYEWE. Hapa ndipo pa kuogopa. Ukame huangusha vidaka, ila ugonjwa huu huangusha vyote: vidaka, madafu na koroma. Makarara yanakuwa meusi, njano inapanda kutoka makuti ya chini kwenda juu, mwisho kichwa chote kinadondoka, inabaki nguzo. Unaletwa na vimelea vidogo sana wanaoishi kwenye mishipa ya mti, na minazi yetu mirefu ya asili ndiyo inayoumia zaidi. Dawa ya kuuponya mwenyewe nyumbani hakuna. Mwite bwana shamba athibitishe, na ukithibitika, ukate usije ukaambukiza ya jirani.

Unaona tofauti? Namba moja hadi tatu unaweza kuuokoa, ya nne ndiyo ya shoka. Mnazi mrefu huchukua miaka 6 hivi au zaidi kuanza kuzaa, kuukata ni dakika chache.

Wa kwako una dalili gani? Tupia hapo chini, tujadili.