Indiketa ya Kushoto Inapowasha na ya Kulia

Mafundi umeme wa magari wa Igoma wanaujua ugonjwa huu. Gari, tuseme Noah au IST, limefungwa alamu majuzi. Dereva akiwasha indiketa ya kushoto, zinawaka pande zote mbili kama hazadi. Akiwasha ya kulia, inawaka ya kulia peke yake. Wengi hukimbilia kubadilisha flasha, na flasha haina kosa lolote. Kilichokufa ni dayodi iliyofichwa kwenye nyaya za alamu, nyuma ya dashibodi, tena kwa kubebeshwa mzigo usio wake.

Dayodi huruhusu umeme upite upande mmoja tu. Alamu nyingi zina nyaya mbili za kuwashia indiketa. Yenye waya mmoja humlazimu fundi augawe kushoto na kulia, na akiunga hivi hivi atakuwa amezikutanisha pande mbili ambazo kiwandani zilitenganishwa makusudi. Ndiyo maana huweka dayodi mbili, moja kila upande, mstari wa kijivu ukitazama taa. Hadi hapo hakuna ubaya. Swali ni dayodi gani.

Inayopatikana kila mahali, hata ndani ya redio mbovu, ni 1N4007: kipande cheusi kidogo kama punje ya mchele. Sifa yake ya kuhimili volti 1000 huwapumbaza watu. Kwenye gari la volti 12 hiyo sifa haina kazi. Cha kutazama ni ampia, na yenyewe inabeba 1 tu. Sasa piga hesabu. Balbu ya indiketa ya mbele ni wati 21, ya nyuma 21, kijitaa cha ubavuni 5. Jumla 47, ugawe kwa 12, unapata karibu ampia 4. Dayodi ya ampia 1 itachemka, na mara nyingi ikiungua haikati njia bali inageuka kuwa kama waya wa kawaida. Ikifa ya kushoto, umeme wa indiketa ya kushoto unarudi nyuma kupitia hapo, unavuka dayodi nzima ya kulia na kuwasha taa za upande wa pili. Kwa hiyo dalili yenyewe inakuonyesha dayodi ipi ya kung'oa.

Inayofaa ni 6A10, nene na yenye miguu minene, ya ampia 6. Hata 1N5408 ya ampia 3 mimi nisingeiweka. Kwa Fuso na Scania zinazopita hapa kuelekea Musoma, umeme ni wa volti 24, hivyo ampia zinapungua nusu, ila alamu na rilei lazima nazo ziwe za volti 24.

1N4007 haina haja ya kutupwa. Kwenye milango ndiyo mahali pake. Magari mengi ya Japani, mlango ukifunguliwa, swichi yake inaupeleka waya kwenye ethi. Mlango wa dereva huwa na waya wake, kwa sababu gari hulia dereva anaposhuka na kuacha ufunguo kwenye swichi. Ukiikusanya milango yote kwenye waya mmoja wa alamu bila dayodi, abiria wa nyuma akifungua mlango gari litamlilia dereva. Umeme wa hapo ni mdogo sana, kwa hiyo 1N4007 inatosha kabisa, mstari ukielekea swichi ya mlango. Ukiigeuza, alamu haitajua kitu hata mwizi akiuacha mlango wazi. Dayodi hiyo hiyo iwekwe kwenye miguu ya 85 na 86 ya rilei, mstari upande wa chanya. Koili ya rilei ikikatiwa umeme hurusha volti nyingi kinyumenyume, na transista ndogo ndani ya alamu haiwezi kuzistahimili.

Fyuzi ya alamu ina habari nyingine. Mteja analalamika inaungua kila mara, anaomba awekewe kubwa. Ombi hilo likataliwe. Fyuzi inalinda waya. King'ora cha wati 20 hakifiki ampia 2, na nyaya zake ni nyembamba. Fyuzi ya ampia 5 inatosha. Ukipachika ya kijani ya 30, shoti ikitokea waya ndio utakaowaka kwanza. Taa zote za indiketa zikipitia waya huo huo, wati ni 94, karibu ampia 8. Hapo natumia waya wa milimita za mraba 1.5 na fyuzi ya buluu, ya 15.

Wala fyuzi si dhaifu kama inavyosingiziwa. Fyuzi ya bapa ya ampia 10 inatengenezwa iweze kubeba 11 kwa saa 100. Ikipitishiwa 20 inakata ndani ya sekunde 5. Inayoungua kila siku inakuonyesha kuna shoti, au mzigo umezidi. Kuizungushia karatasi ya sigara ni kuinyamazisha tu.

Mahali pake ni jirani na betri, shubiri moja hivi kutoka kwenye chanya. Ukikuta imefungwa chini ya usukani kwa sababu huko ni rahisi kufikika, ujue waya wote unaotoka betri hadi hapo hauna kinga, na ndio unaopenya tundu la bati kati ya injini na dashibodi, ambako plastiki yake husagwa kila gari linapotikisika.