Ziara ya ukoo mzima ng'ambo bila kushika usukani

WAZO hili aghalabu huzaliwa Desemba, jamaa wanapokutana nyumbani Uasin Gishu baada ya mwaka mzima wa kutawanyika. Mjukuu mmoja huonyesha picha za kasri la Disneyland katika simu, mjomba huahidi kuchangia, shangazi aliye ng'ambo huunga mkono, na kabla ya chai kupoa watu kumi na wawili huwa wamekwisha kupanda ndege kwa maneno.

Utekelezaji ndio wenye kazi. Safari ya watu wengi kwenda katika bustani kubwa za burudani ughaibuni inaweza kuvunjika kwa sababu ya pasipoti moja, viza moja au treni moja iliyokosewa. Inapovunjika, akiba ya miaka kadhaa huteketea na lawama huanza kugawanywa miongoni mwa ndugu. Ndiyo maana mipango yapaswa kutangulia furaha.

Familia nyingi hudhani kwamba kikwazo kikubwa ni gari: nani ataendesha katika nchi ya kigeni? Ukweli ni kwamba familia kubwa huwa salama zaidi, na mara nyingi hutumia fedha kidogo, ikiachana kabisa na wazo la kuendesha.

Gari si mkombozi

Mkenya amezoea kuendesha upande wa kushoto wa barabara. Nchini Ufaransa, Marekani na Milki za Kiarabu, magari hupita upande wa kulia. Kumtwika dereva mabadiliko hayo asubuhi ya kwanza, baada ya usiku mzima ndani ya ndege na huku watoto wakilia nyuma yake, ni kucheza na hatari.

Isitoshe, barani Ulaya leseni ya kawaida ya gari dogo haimruhusu dereva kubeba zaidi ya abiria wanane. Ukoo wa watu kumi na wawili ungelazimika kukodi magari mawili na kutafuta madereva wawili. Sheria ya Ufaransa pia inataka mtoto aliye chini ya miaka 10 akalishwe katika kiti maalumu kinacholingana na umbo lake. Hapo hujaongeza mafuta, ushuru wa barabara kuu na ada ya maegesho.

Basi swali la kwanza lisiwe ni bustani ipi inayopendeza zaidi. Liwe ni ipi inayofikika kwa miguu, treni na basi.

Mahali gari lisipohitajika

Walt Disney World, iliyofunguliwa karibu na Orlando, Marekani, mwaka 1971, ina bustani nne na mabasi yake ya ndani. Mgeni anayelala katika hoteli za eneo hilo anaweza kuzunguka bila gari. Hata hivyo, mji wenyewe umetawanyika mno, na basi la bure lililokuwa likiwachukua wageni wa hoteli hizo kutoka uwanja wa ndege lilikomeshwa Januari 2022.

Karibu zaidi na Kenya ni kisiwa cha Yas, Abu Dhabi. Hapo Ferrari World, iliyofunguliwa mwaka 2010, na Warner Bros. World, iliyofunguliwa mwaka 2018, zimejengwa ndani ya majengo yenye ubaridi. Jambo hilo ni muhimu kwa familia inayosafiri likizo ya Agosti, kwani joto la huko hupita nyuzi 40 na mtu aliyezoea hewa ya Eldoret, mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, huweza kudhoofika upesi. Kwa likizo ya Desemba, eneo hilo huwa na hali nzuri ya hewa.

Lakini kwa familia isiyotaka kabisa habari za gari, mfano bora ni Disneyland Paris, iliyofunguliwa Aprili 12, 1992. Waliobuni bustani hiyo waliiweka kando ya reli. Kituo cha Marne-la-Vallée–Chessy kiko mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka langoni, na ndicho mwisho wa tawi moja la treni ya mjini iitwayo RER A.

Treni, tawi na mtego

Kutoka uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle kuna njia tatu kuu. Ya kwanza ni treni ya kasi, TGV, inayoondokea chini ya Kituo cha 2 cha uwanja huo na kufika Chessy kwa takriban dakika kumi. Ya pili ni basi la moja kwa moja hadi hoteli za Disney. Ya tatu ni kupanda RER B hadi katikati ya Paris, kisha kubadilisha na kuingia RER A.

TGV ni ya haraka, lakini tiketi yake kwa kawaida hufungwa kwenye treni moja ya saa maalumu. Tangu Oktoba 12, 2025, nchi za Schengen zilianza kuwasajili wageni kwa mfumo wa kielektroniki unaochukua picha na alama za vidole mahali pa mhuri wa pasipoti. Watu kumi na wawili katika foleni hiyo, pamoja na kusubiri mizigo, wanaweza kuchelewa kwa muda mrefu. Familia isinunue tiketi ya treni inayoondoka mara tu ndege itakapotua.

Anayelala katikati ya Paris atatumia RER A kwa dakika 40 hivi. Mtego uko Vincennes, ambako reli hugawanyika. Treni zenye jina la Boissy-Saint-Léger hufuata tawi jingine, na abiria asiyesoma ubao atajikuta mbali na bustani. Akigundua kosa, ashuke na kurudi Vincennes kusubiri treni ya Marne-la-Vallée.

Kundi kubwa likubaliane mapema kwamba mlango wa treni ukifungwa kabla ya wote kuingia, waliotangulia washuke kituo kinachofuata na kungoja hapo. Kanuni hiyo ndogo huzuia hofu kubwa.

Malazi nayo yachaguliwe kwa miguu. Hoteli nyingi za Disney hapo ziko karibu na lango au zina basi la bure. Davy Crockett Ranch, inayovutia familia kubwa kwa nyumba zake za mbao msituni, haina basi hilo na humhitaji mgeni awe na gari. Wengi hulipa kabla ya kulisoma sharti hilo. Mbadala mzuri ni Val d'Europe, kituo kimoja kabla ya Chessy, penye maduka na nyumba za kupanga zenye jiko.

Viza: Mlango mwembamba

Hapa ndipo safari nyingi hufia. Mkenya huhitaji viza ya Schengen ili kuingia Ufaransa, na kila mtu huombewa peke yake, hata mtoto mchanga. Jibu la mmoja si jibu la wote.

Tangu Juni 11, 2024, ada ni yuro 90 kwa aliyetimiza miaka 12, na yuro 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi 11. Aliye chini ya miaka sita halipi. Kwa hivyo, ukoo wenye watu saba wa kundi la kwanza, watoto watatu wa kundi la pili na wawili wadogo kabisa utalipa yuro 765, kabla ya kuongeza gharama za kituo kinachopokea maombi. Ada hiyo hairudishwi viza inapokataliwa.

Maombi huweza kuwasilishwa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15. Uamuzi wa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kufika 45. Waliotimiza miaka 12 hutoa alama za vidole, jambo linalomaanisha safari ya ziada ya Nairobi. Bima ya afya isiyopungua yuro 30,000 ni lazima kwa kila mmoja, na pasipoti sharti ibakie na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya.

Watoto huhitaji vyeti vya kuzaliwa na ridhaa ya wazazi. Mjukuu anayesafiri na nyanya yake huku mama akibaki kazini ni jambo la kawaida Eldoret, lakini machoni pa ofisa wa uhamiaji ni jambo linalohitaji karatasi. Kwa bahati nzuri, maombi ya pasipoti yanaweza kushughulikiwa katika ofisi ya uhamiaji ya Eldoret yenyewe.

Swali zito lapaswa kuulizwa mezani kabla ya kulipa: mmoja akinyimwa viza, itakuwaje? Je, wote watabaki, au wengine wataendelea? Ikiwa aliyenyimwa ni mtoto, nani atabaki naye? Familia iliyojibu maswali hayo mapema haitagombana siku jibu litakapotoka.

Fedha za wengi

Michango ya ukoo ina uzito wa pekee, kwa kuwa ndani yake mna shilingi za aliyeuza mahindi na za aliyekopa katika chama. Eldoret ina kumbukumbu chungu kuhusu fedha za ng'ambo. Mwaka 2023 wazazi waliandamana mjini humo wakidai pesa walizolipa kwa ajili ya masomo ya watoto wao nchini Finland na Canada kupitia mpango wa kaunti.

Funzo ni kwamba malipo yafuate hatua. Kwanza pasipoti, kisha viza kwa kutumia nafasi za hoteli zinazoweza kufutwa, na tiketi zisizorudishiwa fedha zije mwisho. Masharti ya kurudishiwa pesa yaandikwe, na mweka hazina wa familia awe na risiti ya kila kitu.

Kutoka Eldoret hadi angani

Uwanja wa ndege wa Eldoret ulifunguliwa mwaka 1997, lakini msafiri wa Ulaya bado huanzia Nairobi. Anayekwenda kwa ndege ahakikishe kwamba atashukia Jomo Kenyatta, si Wilson. Viwanja hivyo viwili ni tofauti, na kuvuka jiji na masanduku kumi na mawili si mchezo.

Wanaotumia barabara wakumbuke kwamba ni zaidi ya kilomita 300, na kwamba upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa mwishoni mwa mwaka 2025. Kulala Nairobi usiku wa kuamkia safari ni gharama ndogo kuliko kuachwa na ndege.

Mizigo iwe ile ambayo mwenyewe anaweza kuipandisha ngazi. Unga wa ugali unaweza kwenda, lakini mursik ubaki nyumbani: Umoja wa Ulaya hauruhusu wasafiri kutoka nje kuingia na nyama wala maziwa.

Ndani ya lango

Watoto wapimwe urefu kabla ya kuahidiwa chochote. Kigari cha Big Thunder Mountain hutaka sentimita 102, na kile cha Hyperspace Mountain sentimita 120. Mtoto anayekataliwa mbele ya binamu zake huikumbuka aibu hiyo kuliko kasri. Wazazi wenye mtoto mfupi wanaweza kupanda kwa zamu bila mmoja wao kurudia foleni yote.

Wazee wakodishiwe kiti cha magurudumu hata kama hutembea vizuri nyumbani, kwani siku moja hapo ni kilomita nyingi. Kila mtoto awe na karatasi yenye jina na namba ya simu mfukoni. Pia ukoo ugawanywe katika vikundi vya watu wanne, kila kimoja na kiongozi, na saa na mahali pa kukutania mchana pajulikane.

Wakazi wa Eldoret wamelelewa katika matatu. Wanajua kuuliza njia, kuhesabu watoto wanaposhuka na kumwachia mzee kiti. Ujuzi huo, ukiandamana na karatasi zilizokamilika, ndio utakaowafikisha wote kumi na wawili langoni na kuwarudisha nyumbani wakiwa bado wanasemezana.