Amplifaya ya Valvu ya Hedifoni: Matumizi Salama na Utunzaji Visiwani

Amplifaya ya valvu hukuza sauti kwa kutumia vichupa vya kioo vilivyoondolewa hewa, ambavyo ndani yake uzi mwembamba hupashwa moto kwa umeme. Teknolojia hii ilianza mwanzoni mwa karne ya 20, ikaziendesha redio za mezani hadi transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947, ilipochukua nafasi yake. Hata hivyo, wapenzi wa muziki wanaendelea kuinunua. Makala haya yanamlenga mtumiaji wa Juani, wilayani Mafia, ambako hewa ya chumvi, umeme wa jua na safari ya mashua hadi kwa fundi huongeza uzito wa kila tahadhari.

Kabla ya kununua

Soma kibandiko cha nyuma. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Kifaa kilichoundwa kwa volti 120 za Marekani pekee kitaungua kikichomekwa moja kwa moja. Hakikisha pia kuwa amplifaya inalingana na hedifoni zako: baadhi ya amplifaya zisizo na transfoma ya kutolea sauti huhitaji hedifoni zenye ukinzani mkubwa, kama omu 300, na huzitendea vibaya zile za omu 32.

Kwa kaya inayotegemea umeme wa jua, piga hesabu kwanza. Amplifaya ya wati 40 ikiwashwa saa 4 hutumia wati-saa 160, hata kama muziki ni wa chini, kwa kuwa valvu hupashwa moto muda wote. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba takriban wati-saa 1,200, na haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake. Hivyo, zaidi ya robo ya akiba hiyo itakwisha kwa jioni moja, kabla ya kuhesabu taa na simu. Ikiwa unatumia inveta, chagua inayotoa umeme wa wimbi laini; nyingine huweza kuleta mvumo na kuipasha transfoma joto.

Kuwasha na kuzima

Punguza sauti hadi mwisho, washa, kisha subiri dakika moja au mbili kabla ya kuchomeka hedifoni. Ukimaliza, punguza sauti, chomoa hedifoni, ndipo uzime. Usizime na kuwasha papo hapo. Iache nafasi ya hewa pande zote na juu, usiifunike inapofanya kazi, na uiweke mbali na watoto, kwani kioo chake huunguza.

Mwanga wa rangi ya chungwa katikati ya valvu ni wa kawaida. Bamba la chuma la ndani likiwa jekundu, zima mara moja. Valvu ambayo doa lake la rangi ya fedha limegeuka jeupe kama maziwa imeingiwa na hewa; haitengenezeki, ibadilishe kwa nyingine ya aina ileile.

Chumvi na unyevu

Kiweke kifaa mbali na dirisha linaloelekea baharini. Kikishapoa, kifunike kwa kitambaa kikavu. Pangusa vumbi kwa brashi laini, baada ya kuchomoa waya wa umeme. Kutu kwenye miguu ya valvu huleta mikwaruzo ya sauti.

Usifungue kasha. Ndani ya amplifaya nyingi za aina hii mna volti mia kadhaa, na kapasita huhifadhi umeme huo hata baada ya kifaa kuchomolewa. Mshtuko wake unaweza kuua. Ni heri kungoja mashua ya kwenda kwa fundi mwenye ujuzi kuliko kujaribu mwenyewe.

Masikio yako

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75. Masikio yakivuma baada ya kusikiliza, sauti ilikuwa kubwa mno.

Haki yako

Dai risiti na masharti ya dhamana kwa maandishi, na umwombe muuzaji akiwashe kifaa mbele yako kabla hujakipakia chomboni. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Ukiuziwa valvu kuukuu kwa jina la mpya, tunza risiti na kifaa chenyewe, kisha wasilisha malalamiko yako Tume ya Ushindani.