Unene wa chuma ndio uamuao mkanda wa msumeno

MAFUNDI wa jua kali mjini Nyeri, Karatina, Nanyuki na Embu hukata vyuma visivyolingana hata kidogo. Asubuhi huenda ikawa ni mabomba mraba membamba ya malango na madirisha. Alasiri ukaletwa mhimili mnene wa mashine ya kumenya kahawa kutoka Othaya au Tetu.

Mwenye msumeno wa umeme wa mkanda hushawishika kukata vyote kwa mkanda mmoja. Hapo ndipo hasara huanzia, kwani mkanda mpya waweza kung'oka meno siku ile ile ulipofungwa.

Kanuni ya kwanza ni kuhesabu meno yaliyomo ndani ya chuma wakati wa kukata. Yasipungue matatu, na yakiwa kati ya 6 na 12 kazi huwa nzuri zaidi.

Mkanda wenye meno 6 kwa kila inchi huacha takriban milimita 4 kati ya jino na jino. Ukuta wa bomba wenye unene wa milimita 2 huzama katika pengo hilo, ukanasa na kung'oa jino.

Kwa bomba la namna hiyo, chagua mkanda ulioandikwa 14/18, yaani meno yake hubadilika kati ya 14 na 18 kwa inchi. Mpangilio huo pia hupunguza mtetemo na kelele. Hata hivyo, usishinikize kwa nguvu, maana ukuta mwembamba hauwezi kubeba meno matatu kwa pamoja.

Mhimili wa milimita 50 huhitaji kinyume chake. Ukiukata kwa meno 18, zaidi ya 30 huwa ndani ya chuma kwa wakati mmoja. Nafasi kati yake hujaa mabaki, meno yakasugua badala ya kukata, na joto likayafanya butu. Hapo 4/6 au 5/8 ndiyo yafaayo.

Pili, tazama mkanda umetengenezwa kwa nini. Ule wa chuma cha kaboni ni wa bei nafuu na wafaa kazi nyepesi. Ule wa metali mbili, wenye meno magumu yaliyounganishwa na mgongo unaonyumbuka, ni ghali lakini hudumu zaidi, hasa kwa mihimili na chuma kisichoshika kutu. Hicho cha mwisho hukatwa kwa kasi ndogo kuliko chuma cha kawaida.

Mkanda mpya usitwishwe mzigo mara moja. Punguza shinikizo hadi karibu nusu katika mikato ya kwanza ili ncha za meno zizoee kazi.

Kisha chunguza mabaki. Yakijikunja na kubaki na rangi ya fedha, umechagua vyema. Yakiwa unga, shinikizo ni dogo mno. Yakigeuka samawati, punguza kasi au shinikizo, na uongeze maji ya kupoza, kabla hujalazimika kurudi dukani.