Tufaha la Desemba hupogolewa Julai

Ikifika Julai, wanunuzi wa matunda hawaonekani Njombe. Asubuhi umande huamka umeganda kwenye nyasi za Kitulo na Makete, watu hutoka nje wamejifunga mablanketi, na miti ya matufaha husimama na majani machache yaliyokataa kudondoka. Mfanyabiashara wa Tunduma au Mombasa haoni cha kumpeleka huko. Atakuja Desemba na fedha mkononi na kreti tupu kwenye Fuso, kisha alalamike kwamba matunda ni madogo, yana mabaka na hayafikii daraja la kwanza.

Malalamiko hayo huwa yamechelewa miezi mitano. Kabla ya mvua, mbolea na dawa, ukubwa wa tunda la Desemba ulikwishaanza kuamuliwa na mkasi wa Julai, na mara nyingi mkasi huo haukutumika kabisa kwa sababu mkulima hakuwa na fedha ya kumlipa mpogoaji.

Kupogoa wakati wa kipupwe kuna sababu yake. Mti wa tufaha, peasi, plamu au pichi ni mti wa nchi za baridi. Siku zinapokuwa baridi hulala: hudondosha majani na kuhifadhi chakula chake kwenye shina na mizizi. Ukikata matawi mti ukiwa macho, unatupa chakula pamoja na majani. Ukikata ukiwa umelala, akiba yote inabaki chini, na joto linaporudi mwezi wa nane na wa tisa nguvu ileile inagawanywa kwa macho machache. Machipukizi yanatoka na afya na tunda linapata sehemu kubwa zaidi. Isitoshe, mti usio na majani hauna pa kuficha kitu. Tawi lililokufa, lililougua au linalosugua jirani yake huonekana kwa macho.

Nyanda za Juu Kusini zina bahati nyingine: kipupwe chao ni kikavu. Kidonda cha mti hukauka kabla mvua hazijaleta ukungu. Katika maeneo ya Limuru na Kinangop nchini Kenya, Julai ni mwezi wa mawingu mazito na manyunyu, na mpogoaji mzoefu husubiri siku mbili tatu za jua ndipo anoe msumeno.

Hapa ndipo vijana wengi wanaojifunza kazi hii kwenye simu huteleza. Video nyingi zimepigwa Ulaya na Marekani, ambako baridi kali huja Januari na Februari. Kijana wa Lushoto akifuata kalenda hiyo, anaingia shambani na mkasi wakati matawi yamebeba plamu zinazoiva. Hata huko Ulaya si kila mti hukatwa kwenye baridi. Uingereza matufaha na peasi hupogolewa miti ikiwa imelala, lakini plamu husubiri kiangazi kwa kuogopa ugonjwa wa ukungu unaoyapa majani rangi ya fedha na kuingia kupitia vidonda vibichi. Kinachofuatwa ni hali ya mti na hali ya hewa ya mahali. Jina la mwezi halisaidii.

Baridi isiyotosha

Tatizo la Afrika Mashariki ni kwamba baridi yenyewe ni haba. Aina nyingi za matufaha zinazolimwa Ulaya huhitaji saa 800 hadi 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 hivi ili ziamke vizuri. Saa hizo hazipatikani katika mashamba yetu, hata ya milimani. Ndiyo maana aina zilizoenea ni Anna, iliyozalishwa Israel, na Dorsett Golden, iliyotoka visiwa vya Bahamas, ambazo huridhika na saa 300 au pungufu. Hizi mbili hupandwa pamoja kwa sababu Anna huhitaji chavua ya mti wa aina nyingine ili ishike matunda vizuri, na Dorsett Golden huchanua karibu wakati mmoja nayo. Shamba lenye Anna peke yake hutoa maua mengi na matunda ya kubahatisha.

Aina hizohizo zilipelekwa Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, ambako kituo cha utafiti cha Kachwekano kimefanya kazi na wakulima wa matufaha kwenye vilima vilivyo zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kabale usiku ni baridi, lakini ni baridi ya mwaka mzima, isiyo na kipupwe kilichojitenga waziwazi. Mti hauelewi ulale lini. Tawi moja huwa na maua, la pili tunda bichi, la tatu majani makavu. Kwa mfanyabiashara hilo ni balaa, kwa sababu hawezi kujaza gari kwa matunda yanayoiva matano leo na saba wiki ijayo.

Dawa yake ni kuulazimisha mti ulale. Baada ya mavuno mkulima huupogoa, kisha huyaondoa majani yote kwa mkono na kuunyima maji kwa muda. Macho huamka kwa pamoja, maua hutoka kwa pamoja, na mavuno huja kwa pamoja. Wakulima wa Batu, katika Java Mashariki nchini Indonesia, wamefanya hivyo kwa miongo kadhaa na huvuna mara mbili kwa mwaka, nyuzi chache tu kusini mwa ikweta. Ni kazi ya kuchosha, maana mti mkubwa una maelfu ya majani. Lakini ndiyo inayomwezesha mkulima kumwambia mnunuzi tarehe na tarehe ikatimia.

Mkono unaokata

Kwenye tufaha, mkato wa kwanza ni wa usafi: matawi makavu, yenye ugonjwa na yanayopishana. Wa pili ni wa mwanga. Machipukizi yaliyosimama wima katikati ya mti, manene na yenye haraka, hunyonya chakula bila kuzaa, hivyo huondolewa tangu shinani mwake. Mwisho, matawi marefu hupunguzwa kwa mkato wa mshazari juu kidogo ya jicho linalotazama nje, ili chipukizi jipya liende pembeni na kuacha kati wazi. Jua linapaswa kufika ndani ya mwavuli wa mti. Tunda la Anna lililokulia kivulini halipati wekundu, na sokoni wekundu ndio bei.

Asiyejua hukata kila kitu kwa usawa kama anayenyoa ua la michongoma. Kwa tufaha hiyo ni hasara ya miaka, kwa sababu tufaha huzaa zaidi kwenye vijiti vifupi vilivyonenepa vya tawi lenye umri wa miaka miwili na kuendelea. Ukivifyeka, umefyeka mavuno ya mwakani na ya mwaka unaofuata. Pichi ni kinyume: huzaa kwenye vitawi vilivyoota msimu uliopita tu, kwa hiyo hukatwa kwa nguvu zaidi kila mwaka ili vipya viote. Mkulima mwenye miti yote miwili akitumia mkono uleule, mmoja lazima umwadhibu.

Tawi nene lina utaratibu wake. Msumeno huanzia chini, mbali kidogo na shina, kisha hukata juu, ndipo kisiki kilichobaki huondolewa karibu na uvimbe unaozunguka shingo ya tawi bila kuujeruhi. Ukikata kwa mara moja kutoka juu, tawi huanguka na kubandua gome la shina. Na kwa jumla mti hauondolewi zaidi ya robo hadi theluthi ya matawi yake kwa mwaka mmoja. Ulioachwa pori miaka kumi hurudishwa kwa awamu.

Kupogoa bado hakumalizi kazi. Matunda yakishafikia ukubwa wa gololi, kila kishada hubakizwa tunda moja au mawili. Wakulima wengi wanaona ni dhambi kuangusha tunda zima, na ni rahisi kuwaelewa. Lakini boksi la kilo 18 la tufaha la Afrika Kusini, ambalo kila muuza matunda wa Kariakoo na Gikomba analijua, huuzwa kwa hesabu. Likiwa na matunda 100, kila moja lina gramu 180 hivi. Likiwa na 150, ni gramu 120. Mchuuzi wa barabarani anauza kwa tunda, mteja anachagua kwa jicho, na mti uliosongamana hautoi tunda la gramu 180 hata ukipewa mbolea ya gunia zima.

Hesabu ya mnunuzi

Tufaha la Afrika Kusini huvunwa kati ya Februari na Mei, kisha huhifadhiwa kwenye ghala za baridi na kuuzwa mwaka mzima. Kufikia Desemba na Januari, linalofika sokoni huwa limekaa ghalani miezi mingi. Ni wakati huohuo tufaha la Njombe hutoka mtini. Nafasi ipo, na Aprili 2025 ilionekana waziwazi: Tanzania ilipotangaza kuzuia mazao ya kilimo ya Afrika Kusini na Malawi, wauza matufaha waliangalia nyuma yao na kukuta matunda ya nyumbani hayatoshi kujaza pengo. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, pengo halikuondoka.

Kuna jambo ambalo huwagharimu wenye mitaji midogo. Tanzania imo katika SADC pamoja na Afrika Kusini, hivyo boksi lililopita Tunduma huingia kwa masharti ya jumuiya hiyo. Boksi hilohilo likivushwa Namanga au Holili haligeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kuwa limenunuliwa Arusha. Asili yake bado ni Afrika Kusini, na ushuru utahesabiwa hivyo. Tufaha lililokulia Njombe au plamu ya Lushoto, kwa upande mwingine, huvuka kama mazao ya Jumuiya, na shehena isiyozidi dola 2,000 inaweza kutumia cheti rahisi cha uasili kinachotolewa palepale mpakani iwapo bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Cheti hicho hakifuti cheti cha afya ya mimea. Wengi wamezuiliwa Horohoro na Lunga Lunga wakidhani karatasi moja inatosha kwa zote mbili, na plamu haina subira: ikishalala siku mbili juani ni ya kutengenezea jamu.

Ndiyo maana safari ya Agosti ina thamani kuliko ya Novemba. Mnunuzi anayetoa malipo ya awali mti ukiwa umejaa maua ananunua picha nzuri. Anayepita shambani Agosti huona kama kati ya mti kuna mwanga, kama vidonda ni safi au ni visiki vilivyochanika, na kama Anna ina mwenzake. Na kama atatoa fedha Julai, hata kidogo, kwa makubaliano yaliyoandikwa kwamba ni ujira wa wapogoaji na utakatwa kwenye mzigo wa Desemba, atakuwa amenunua ukubwa wa tunda kwa bei ya siku chache za kibarua. Wakopeshaji wachache huja vijijini Julai, na wanaokuja hawana huruma. Mfanyabiashara anaweza kuwa nafuu kwao na bado akapata faida.

Mzigo usiotakiwa kuvuka

Baada ya kupogoa hubaki rundo la vijiti. Kwa mkulima ni kuni. Kwa mwenye kitalu ng'ambo ya mpaka ni mali, kwani kijiti cha Anna chenye macho manne hadi sita hupandikizwa kwenye shina jingine na kuzaa mche wa kuuza. Vijiti ishirini hufungwa kwenye gazeti lenye unyevu, hutiwa kwenye mfuko wa nguo na kuvuka mpaka bila mtu kuuliza. Ni biashara nyepesi, na ndiyo ya hatari kuliko zote zilizotajwa hapa.

Tunda lenye mdudu huliwa au hutupwa, likaisha. Kijiti chenye virusi hugeuka mti, na mti huo hukatwa vijiti vingine mwaka unaofuata. Virusi vya mti havina dawa. Kinachofuata ni kung'oa. Vidukari wenye manyoya meupe kama pamba hujificha kwenye nyufa za gome na pembezoni mwa vidonda, kisha hushuka hadi mizizini wasikofikiwa na dawa ya kupuliza. Watu wa Maziwa Makuu hawahitaji kuelezwa sana. Mnyauko bakteria wa migomba uliripotiwa Uganda mwaka 2001, na baada ya hapo ukatokea Kongo, Rwanda, Tanzania, Kenya na Burundi, na miongoni mwa vilivyoubeba ni machipukizi ya kupanda na panga lisilosafishwa.

Vijiti vya kupandikizia na miche huhesabiwa mpakani kama mimea ya kupandwa, na masharti yake ni makali kuliko ya matunda. Anayepokea huomba kwanza kibali cha kuingiza, kwa KEPHIS kama ni Kenya, kwa TPHPA kama ni Tanzania, kwa wizara ya kilimo kama ni Uganda. Kisha mamlaka ya nchi inakotoka hukagua na kutoa cheti cha afya ya mimea kabla mzigo haujaondoka. Utaratibu huchukua siku, wakati kijiti kilichokatwa huanza kukauka, kwa hiyo kibali huombwa Juni na mkasi hufuata. Wapogoaji wanaovuka mpaka kutafuta vibarua msimu huu nao wana lao la kufanya: mkasi na msumeno kufutwa kwa spiriti kila wanapohama mti, na kuoshwa vizuri kabla ya kuingia shamba jingine.

Vijiti visivyo na kibali hukaushwa na kuchomwa hapohapo shambani, mapema, kabla ya mvua za Novemba.