Sanduku ya rangi za watoto mpakani: nani anaamua numero yake ya duane?

Mwezi wa nane ukifika, maduka ya Butembo, Beni na Bunia yanaanza kujaa vifaa vya masomo. Kati yake kuna ile sanduku ambayo watoto wanaipenda sana: ndani mna krayo za rangi, kalamu za wino wa rangi, rangi za maji, burashi, gome, kichongeo na kitabu cha kupaka rangi. Kwa mtoto, ni kitu kimoja. Kwa duane, ni vitu saba, na kila kimoja kina numero yake. Na numero hiyo ndiyo inasema mwenye mzigo atalipa ngapi.

Tuseme mama mmoja wa Butembo ameagiza kartoni za sanduku hizo kutoka China. Mzigo umeshuka Mombasa, umepita Uganda, umefika Kasindi. Deklaran anamuuliza: "Mama, tuandike nini?" Mama anajibu: "Andika vichezeo, si ni vya watoto?" Hapo ndipo matatizo yanaweza kuanza.

Numero inatoka wapi?

Nchi karibu zote za dunia zinatumia orodha moja ya bidhaa, iliyotungwa na Shirika la Forodha la Dunia lenye makao Brussels. Ilianza kutumika mwaka 1988. Tarakimu 6 za kwanza zina maana ileile Kasindi, Mombasa ao Shanghai. Kisha kila nchi inaongeza zake. Tarifu ya Congo inafika tarakimu 8.

Tarakimu 2 za kwanza zinaonyesha sura, 4 zinaonyesha fungu. Kwa sanduku yetu: rangi za kuchorea ziko fungu 32.13, kitabu cha watoto cha kupaka rangi 49.03, burashi 96.03, kalamu za wino wa rangi 96.08, krayo za rangi 96.09. Gome na kichongeo nazo ziko katika sura zingine.

Kwa nini si kichezeo?

Vichezeo viko fungu 95.03. Lakini maelezo rasmi ya orodha hiyo yanatoa humo, kwa kuvitaja, rangi zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto, udongo wa kufinyanga wa watoto, vitabu vyao vya kupaka rangi, na krayo zao. Kwa hiyo kitu hakiwi kichezeo kwa sababu tu mtoto ndiye anakitumia, ao kwa sababu kartoni imechorwa wanyama wanaocheka. Duane inaangalia kitu chenyewe na kazi yake, si picha ya juu.

Vitu saba, numero moja?

Hapa kuna habari njema. Orodha ina kanuni 6 za kuisoma, na kanuni ya 3 inaruhusu seti kupata numero moja. Lakini masharti ni matatu. Kwanza, ndani kuwe na vitu angalau viwili vya mafungu tofauti. Pili, viwe vimewekwa pamoja kwa ajili ya kazi moja, kama vile kuchora. Tatu, viwe vimefungwa tayari kwa kuuzwa kwa mnunuzi wa mwisho, bila kufunguliwa na kupangwa tena.

Sharti la tatu linaumiza watu. Kama krayo zimekuja kartoni yake, burashi kartoni yake, na sanduku tupu kando, kwa mpango wa kuzipanga Butembo, hiyo si seti. Kila kitu kitapewa numero yake.

Masharti yakitimia, swali linakuwa: ni kitu gani kinaipa seti tabia yake kuu? Duane inaweza kuangalia wingi, uzito, bei na kazi ya kila kitu. Sanduku yenye rangi za maji 36, burashi moja na krayo moja, ni rangi: itaenda 32.13, ambayo yenyewe ina sehemu ya rangi zilizopangwa kwa seti.

Lakini kama krayo, kalamu za wino na rangi za maji zinalingana, na hakuna inayoshinda? Basi kati ya numero zinazostahili sawasawa, inachukuliwa ile ya mwisho kwa kuhesabu. Kati ya 32.13, 96.08 na 96.09, ya mwisho ni 96.09. Seti nzima inakwenda pamoja na krayo.

Maelezo rasmi yana mfano unaofanana: seti yenye rula, kompa, krayo na kichongeo ndani ya mfuko wa plastiki. Yote inawekwa 90.17, fungu la vyombo vya kuchorea na kupimia, kwa sababu rula na kompa ndizo zinaipa tabia yake. Na kama sanduku imechongwa kwa umbo la vifaa vyake na inadumu, nayo inafuata vifaa hivyo.

Tofauti kwa makuta

Katika tarifu ya Congo, viwango vya kuingiza bidhaa vinavyojulikana zaidi ni 5, 10 na 20 kwa mia. Tufanye hesabu ya mfano tu. Mzigo wa dola 1.000, pamoja na usafiri na bima, ukiwekwa kwenye 10 kwa mia, ushuru ni dola 100. TVA ya 16 kwa mia inahesabiwa juu ya 1.100: dola 176. Jumla 276. Ukiwekwa kwenye 20 kwa mia, ushuru ni 200 na TVA 192. Jumla 392. Numero tu imebadilika, na dola 116 zimeongezeka, bila kuhesabu malipo mengine ya mpakani. Mwishowe, mzazi ndiye anazilipa dukani.

Na anayeandika numero isiyo ya kweli ili apunguze takse anajiweka hatarini. Sheria ya forodha ya 2010 inaadhibu deklarasio ya uongo. Mzigo unaweza kusimama mpakani wakati masomo yanaanza.

Kabla ya kuagiza

Mwambie muuzaji aandike kwenye fakture kila kitu kilicho ndani, idadi yake na bei yake. "Vifaa vya watoto" haitoshi. Omba picha ya sanduku ikiwa wazi na uitunze. Mwonyeshe deklaran kabla mzigo haujafika, umuulize numero gani na kwa kanuni gani. Kama mna mashaka, andikieni ofisi ya DGDA barua yenye picha na sampuli, mngoje jibu la maandishi.

Na agenti wa duane akibadilisha numero, mwenye mzigo anaweza kumuuliza kwa heshima: "Ni kanuni gani inasema hivyo?" Mwenye kujua kilicho ndani ya sanduku yake atakuwa na la kujibu.