Kompyuta inarudi 2009 kila umeme ukikatika? Usikimbilie kupiga Windows!

Wadau, kompyuta yangu hapa Kwihara, Tabora, imenitesa wiki nzima. Umeme ukikatika, nikiwasha inagoma mpaka nibonyeze F1, na tarehe imerudi 2009. Mtandaoni kila tovuti eti si salama.

Fundi mmoja mjini akasema virusi hivyo, tupige Windows upya. Nikakataa, picha za marehemu baba zimo humo tu.

Kumbe betri! Ile duara CR2032, volti 3, kwenye mazabodi, ndiyo inatunza saa umeme usipokuwepo. Ikifa, saa inarudi nyuma. Sasa cheti cha tovuti kina tarehe. Kompyuta ikidhani ni 2009 inaona hakijaanza kazi, inakikataa.

Chomoa waya wa umeme kwanza, badilisha betri, weka tarehe. Yangu imetulia. Picha nazo nishazihamishia kwenye flashi, sitaki presha tena.